Kosa Si la Shangazi: Mhadhara Kuhusu Kupima Urahisi wa Programu za Mitandao ya Kijamii



Naanza na sentensi ambayo hakuna humu ndani asiyewahi kuisikia nyumbani kwao: “Mimi simu hizi siziwezi.” Huisema mama, huisema babu, huisema jirani anayekukabidhi simu yake umsaidie. Sisi tunatabasamu, tunaichukua, tunabofya mara tatu, tunamrudishia. Nimefanya kazi ya kupima programu kwa miaka mingi, na jambo moja nililokuja kulisema leo ni hili: sentensi hiyo ni hukumu dhidi ya mtu asiye na hatia. Programu ikitengenezwa kwa ajili ya watu wote, na mtu mwenye akili zake timamu akashindwa kuitumia, kosa ni la programu. Kazi ya kupima urahisi wa matumizi ni kulitafuta kosa hilo na kuonesha mahali lilipo, kabla halijamuumiza mtu.

Nawaombeni niwasimulie lilivyomuumiza mmoja.

Shangazi yangu anaishi Ngamiani, Tanga. Ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake. Hesabu zake ziko kwenye kaunta buku lenye jalada jekundu: hisa, mikopo, faini za waliochelewa, kila kitu kwa mwandiko ulionyooka, na jumla zake hazijawahi kukosewa. Jumapili moja nilikuwa kwake baada ya chakula cha mchana. Alitaka kuwatumia wanachama picha ya ukurasa wa mwezi ule kupitia programu moja ya kutumiana ujumbe. Nikasema moyoni, leo sitamsaidia, nitatazama tu. Nikakaa nyuma yake kidogo, upande wa kulia, pale ninapoona kidole chake na kioo cha simu kwa pamoja.

Picha aliipiga vizuri. Akafungua kundi la kikoba. Kidole kikasimama juu ya alama ya kibanio cha karatasi, ile ambayo mtengenezaji alikusudia imaanishe “ambatisha”. Akauliza, akijiuliza mwenyewe, “Hii ndoana ya nini?” Kwa mtu aliyekulia Tanga kile kichuma kilichopinda ni ndoana, hakina uhusiano wowote na karatasi. Akaiacha. Akatoka kwenye kundi, akaenda kwenye hifadhi ya picha, akaifungua picha yake, akagusa alama ya vidoti vitatu vilivyounganishwa kwa mistari. Ikaja orodha ya majina. Juu kabisa kulikuwa na makundi mawili, kila moja na picha ndogo ya duara, na ndani ya kila duara wanawake waliovaa vitenge vya sare. Moja lilikuwa la kikoba. La pili lilikuwa la kamati ya harusi ya kijana wetu. Akagusa, akagusa mshale, picha ikaondoka.

Ilikwenda kwenye kamati ya harusi. Majina ya wanawake wenye madeni, kiasi wanachodaiwa na faini zao vilisomwa na watu zaidi ya 100, wakiwemo wakwe. Shangazi aliiweka simu kifudifudi juu ya mkeka. Akasema, “Mimi simu hizi siziwezi, mwanangu.” Jioni ile alivaa mtandio akaenda nyumba tatu kuomba radhi. Nilimsindikiza.

Tazameni alichofanya na alichofanyiwa. Alijua lengo lake. Alipokwama njia ya kwanza alitafuta ya pili, na aliipata. Hizo ni dalili za mtu hodari. Programu kwa upande wake ilimpa alama isiyo na maana kwake, ikamwekea makundi mawili yanayofanana mahali pamoja, na picha ilipokuwa tayari kuondoka haikumwambia kwa herufi za kusomeka inakwenda wapi na itaonwa na watu wangapi.

Linganisheni na utumaji wa pesa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na leo ukituma pesa kwa simu huoneshwa jina la mpokeaji kabla pesa haijaondoka. Jina lile limeokoa mishahara mingapi! Huduma ile hutumika hata kwenye kitochi, haina picha wala rangi, lakini hapo pa hatari inakusimamisha na kukuuliza. Aibu ya kuanika madeni ya wenzako ni hasara kama hasara ya pesa, na wakati mwingine ni kubwa zaidi, maana pesa hurudishwa.

Fikra ya kwamba kosa ni la kifaa sikuianzisha mimi. Mwaka 1988 Donald Norman, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha kitabu kuhusu vitu vya kila siku: milango, majiko, swichi za taa. Alionesha kuwa mlango unaohitaji maandishi ya “sukuma” au “vuta” umetengenezwa vibaya, kwa sababu umbo lake lilipaswa kumwambia mtu afanye nini. Alisisitiza pia jambo linalomhusu shangazi moja kwa moja, kwamba watu wana tabia ya kujilaumu wanaposhindwa na vitu vibovu, na kwa kuwa wanajilaumu hawalalamiki, na kwa kuwa hawalalamiki, vitu vibovu vinaendelea kutengenezwa. Mtengenezaji wa programu ile ya shangazi hajapata barua yoyote kutoka Ngamiani. Kwake mambo ni shwari: picha ilitumwa, mtambo ukahesabu tendo moja lililokamilika.

Tupime nini basi? Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lina kiwango namba 9241, na sehemu yake ya 11, iliyotoka mwaka 1998 na kurekebishwa 2018, inatupa maswali matatu. Je, mtu alifikia lengo lake? Alitumia muda na nguvu kiasi gani? Aliridhika? Maswali hayo ni mepesi kukariri. Uzito uko kwenye maneno yanayofuata: kiwango kinasema majibu ni ya watumiaji fulani, wenye malengo fulani, katika mazingira fulani. Hakuna programu iliyo rahisi hivi hivi tu, angani. Ni rahisi kwa nani, akifanya nini, akiwa wapi?

Hapo penye “akiwa wapi” ndipo tunapaswa kukaa, kwa sababu ripoti nyingi za upimaji zinazotufikia zimefanywa katika chumba tulivu, kwenye simu mpya yenye chaji, intaneti isiyokatika, na mtu mmoja mwenye simu yake. Sisi tunajua simu zetu zilivyo. Kioo kina ufa unaopita juu ya kitufe cha kutuma. Jua la saa saba mchana linapiga. Nafasi imejaa, maana video za kila kundi zimejipakua zenyewe, na bando la wiki limeisha Jumatano. Mtu anazima data kila akimaliza kusoma, halafu anaiwasha tena jioni, meseji 200 zinaingia kwa mkupuo. Programu iliyopimwa bila kuzima na kuwasha data haijapimwa kwa ajili yetu.

Halafu simu yenyewe si ya mtu mmoja. Asubuhi iko na mama sokoni, mchana mtoto anaitumia kutazama kazi ya shule, usiku baba anasikiliza taarifa ya habari. Chukueni mfano wa tiki za bluu. WhatsApp, au wasapu kama tunavyoiita, ilizianzisha Novemba 2014: tiki moja, ujumbe umeondoka, mbili za kijivu, umefika, mbili za bluu, umesomwa. Kwa kanuni za usanifu ni kazi nzuri, mtumaji anaiona hali ya ujumbe wake bila kuuliza. Watu walilalamika kwamba sasa wanadaiwa majibu, na haikuchukua muda kabla kampuni haijaweka njia ya kuzima alama hiyo. Malalamiko hayo yanafahamika dunia nzima. Lisilozungumzwa sana ni kwamba katika nyumba yenye simu moja, tiki ya bluu inasema tu kwamba kuna mtu aliufungua ujumbe. Aliyefungua anaweza kuwa mtoto wa miaka tisa. Anayesubiri jibu anakasirika, “Ameona, kaninyamazia,” kumbe mwenye simu yuko sokoni hajui lolote. Ugomvi wa namna hiyo hauandikwi kwenye ripoti yoyote, kwa sababu aliyeandaa jaribio alimdhania mtumiaji mmoja mwenye simu moja.

Niseme kidogo kuhusu wakaguzi. Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark, pamoja na mwenzake Rolf Molich walitoa mwaka 1990 utaratibu wa kukagua programu kwa kanuni chache, na mwaka 1994 Nielsen akazipanga upya zikawa 10. Mkaguzi hukaa na programu, akapita kila ukurasa akiuliza: mtumiaji anaona kinachoendelea? Maneno ni yake au ni ya mafundi? Anaweza kurudi alikotoka? Kosa linazuiwa kabla halijatokea? Anatambua vitu kwa kuviona, au analazimika kuvikariri? Wanafunzi, jifunzeni kanuni hizi, zina faida na hazina gharama.

Kanuni ya kurudi nyuma ina historia nzuri ya kufuatilia. WhatsApp ilipoanza kuwaruhusu watu kuufuta ujumbe kwa kila mtu, mwishoni mwa 2017, muda uliotolewa ulikuwa dakika 7. Mwaka uliofuata ukaongezwa ukapita saa moja. Agosti 2022 ukawa siku 2 na saa 12. Lakini likabaki tatizo: mtu mwenye haraka na hofu anagusa chaguo la kujifutia mwenyewe, ujumbe unatoweka kwake, unabaki kwa wengine wote, naye hawezi tena kuugusa. Desemba 2022 wakaweka sekunde 5 za kutengua. Miaka mitano ilipita kati ya kitu hicho kuanzishwa na kosa hilo kupewa dawa. Na sekunde 5 ni chache kwa mtu anayetafuta miwani.

Lakini ukaguzi wa kanuni hautoshi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mkaguzi halalii kitanda hiki. Mimi nimekagua programu nyingi kwa kanuni hizo 10 na sikuwahi hata mara moja kuandika kwamba kibanio cha karatasi kinaweza kuonekana ndoana. Hilo nilipewa na shangazi.

Kwa hiyo tukae na watu. Wangapi? Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kwa duru moja ya majaribio, akitegemea hesabu aliyoifanya na Thomas Landauer miaka ya nyuma: kwa wastani mtu mmoja hufichua asilimia 31 ya matatizo, wa pili anarudia mengine na kuongeza mapya, mpaka kwa watu 5 umeyaona takribani asilimia 85. Rekebisha, halafu uwaite wengine 5. Ushauri huu umetufaa sana sisi tusio na fedha. Ila wengi wanausoma nusu. Watu 5 wanatosha wakiwa wa kundi moja. Wanafunzi 5 wa chuo hiki hawawezi kumwakilisha muuza samaki wa soko la Feri, wala kijana wa bodaboda anayesoma ujumbe akiwa kwenye foleni. Kila kundi lina watu wake.

Maagizo ya kazi unayompa mtu yasitaje jina la kitufe. Ukisema “bofya ambatisha utume picha” umeshampa jibu. Sema, “Wenzako wa kikoba wanataka kuuona ukurasa huu. Wafikishie.” Kisha nyamaza. Nawaambia kwa uzoefu, kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote. Sisi tumelelewa kusaidia. Mzee akihangaika mbele yako na wewe umekaa tu unatazama, unajisikia huna adabu. Mweleze mapema, kwa heshima, kwamba hutamsaidia kwa dakika chache kwa sababu unaipima simu, yeye humpimi, na kwamba akikwama amekufanyia kazi kubwa. Ukishamaliza, msaidie kila alipokwama. Hilo ni deni.

Kuna tatizo la pili, la sifa za ukarimu. Niliwahi kukaa na mzee mmoja aliyekwama dakika sita nzima kwenye ukurasa wa kubadilisha picha yake. Nilipomuuliza ameionaje programu, alijibu, “Nzuri sana, hongereni.” Alikuwa mwenyeji wangu, na mwenyeji hamwambii mgeni kwamba alichokileta ni kibovu. Vitabu vinafundisha kumwomba mtu aseme kwa sauti anachowaza huku akitumia programu. Njia hiyo imeingia katika fani yetu tangu miaka ya 1980. Kwa vijana wa mjini inafanya kazi. Kwa mama wa makamo mbele ya mtu asiyemjua mwenye kalamu na karatasi, haifanyi. Nilichokiona kinafaa ni kuwakalisha wawili wanaojuana kwenye simu moja. Hapo hakuna anayehitaji kuombwa aongee. “Dada, siyo hapo, hapo utawapigia wote!” Maneno hayo yaliponifikia masikioni sikuwa na haja ya swali lolote zaidi: kitufe cha kupiga simu kwa kundi zima kilikuwa karibu mno na jina la kundi, na watu walikuwa wakikiogopa kama moto.

Dodoso lina nafasi yake pia. Linalotumika zaidi lilitungwa mwaka 1986 na John Brooke, akiwa Uingereza katika kampuni ya kompyuta ya Digital, likachapishwa miaka 10 baadaye. Lina sentensi 10, na kila moja hujibiwa kwa namba kuanzia 1, sikubaliani kabisa, hadi 5, nakubaliana kabisa. Sentensi za namba witiri zinasifu, za namba shufwa zinalaumu. Kwa witiri unatoa 1 kwenye jibu. Kwa shufwa unatoa jibu kwenye 5. Unajumlisha zote, unazidisha kwa 2.5. Aliyejibu 4 kwenye kila sifa na 2 kwenye kila lawama anapata 30, mara 2.5 ni 75. Wastani unaojulikana ni kama 68. Alama hizo si asilimia, ingawa zinaishia 100, na nimechoka kuona ripoti zikiandika “programu ni rahisi kwa asilimia 75”.

Kwa Kiswahili dodoso hili linahitaji uangalifu. Sentensi ya kulaumu ikitafsiriwa kwa ukanushi, mjibuji analazimika kutokubaliana na jambo ambalo tayari limekanushwa, “sikubaliani kwamba haikuwa rahisi”, naye anazungusha namba kinyume na alichokusudia. Andikeni lawama kwa kauli ya moja kwa moja: “Programu hii inachosha.” Halafu wasomeeni watu kwa sauti, muwasikilize wanavyojibu kwa maneno yao kabla ya kuwaomba namba.

Hapo nimefika kwenye lugha, na naomba mnivumilie nikae kidogo.

Facebook ilifungua sura yake ya Kiswahili mwaka 2009. Programu nyingine kubwa zikafuata. Hilo ni jambo la kushukuru, na waliotafsiri walifanya kazi ngumu. Lakini nendeni mtaani mkaombe kuona simu za watu. Nyingi ziko katika Kiingereza, hata za watu wasiokisema. Nilipoanza kuuliza sababu nilidhani nitasikia habari za kasumba. Nikasikia jambo la maana zaidi. Mtu hajifunzi simu peke yake. Anafundishwa na kijana wa dukani, na mpwa, na jirani. Hao wote wanafundisha kwa maneno ya mtaa: ingia setingi, fungua galari, rudi nyuma. Simu ikiwa imeandikwa “Mipangilio”, maelekezo ya mpwa kwa njia ya simu kutoka Mwanza yanaharibika. “Setingi siioni, mwanangu.” Mtumiaji ameikataa tafsiri kwa sababu inamtenga na wanaomsaidia.

Sisemi Kiswahili kiondolewe kwenye simu, hasha. Nasema maneno yapimwe kama vitufe vinavyopimwa. Chukua maneno 30 ya ukurasa, yaandike kwenye vikaratasi, mwulize mtu anatarajia kukuta nini nyuma ya kila moja. Muulize pia angemwelekezaje mdogo wake. Neno ambalo watu hawawezi kuelekezana nalo halijafaulu, hata likiwa sanifu kiasi gani.

Na saa! Simu inaandika 20:00, mtu wa Bagamoyo anasoma na kusema saa mbili usiku, na tafsiri hiyo anaifanya kichwani mara kadhaa kwa siku. Tumeizoea mpaka hatuioni. Lakini mtu anapopanga kikao ndani ya programu, tangazo likasomeka 9:00 huku mwenyekiti ametamka saa tatu, atafika anayejua na atakosa asiyejua. Msemaji wa Kiswahili huhesabu saa tangu kuchomoza na kuzama kwa jua, kwa mpangilio usioyumba. Hakuna ugumu wa kiufundi wa kuandika “saa 3 asubuhi”. Ni kwamba walioketi kupima hawakuwa na mtu wa kulisema.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba urahisi ni wema wakati wote. Kwenye mitandao ya kijamii sivyo, na hapa ndipo fani yetu inapaswa kupanua vipimo vyake. Programu ya kuandikia barua ina mtumiaji mmoja. Mtandao wa kijamii una mtumaji na mpokeaji, na kinachomrahisishia wa kwanza kinaweza kumdhuru wa pili. Mwaka 2018 nchini India, uvumi kuhusu watekaji wa watoto ulisambazwa kwa WhatsApp, na watu wasio na hatia wakauawa na makundi ya watu wenye hasira. Kusambaza ujumbe kulikuwa kwepesi mno. Kampuni ikaweka kikomo India, kisha Januari 2019 dunia nzima: ujumbe mmoja usisambazwe kwa zaidi ya mazungumzo 5 kwa mara moja. Aprili 2020, wakati wa uvumi wa korona, ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukawekewa kikomo cha mazungumzo 1, na kampuni ikatangaza kwamba usambazaji wa ujumbe wa aina hiyo ulishuka kwa asilimia 70. Kwa dodoso la Brooke hatua hiyo ingeshusha alama. Kwangu mimi ni mojawapo ya maboresho makubwa ya matumizi yaliyowahi kufanywa kwenye programu hizi, kwa sababu aliyehesabiwa safari hii ni mpokeaji.

Kuna urahisi mwingine wa kutiliwa shaka. Mwaka 2006 Aza Raskin alibuni ukurasa usiokwisha, ule unaoendelea kujaza habari kila unaposhuka. Kidole hakikutani na mwisho. Baadaye alisema wazi kwamba anaujutia. Mwaka 2010 Harry Brignull, mtaalamu wa Uingereza, alianza kukusanya na kuzipa jina hila za usanifu: kitufe cha kukubali kikubwa na chenye rangi, cha kukataa kidogo na kilichofifia, kujiunga kwa mguso mmoja, kujitoa kwa kurasa saba. Programu za namna hiyo hufaulu majaribio yetu kila siku kwa sababu sisi wapimaji tunatoa kazi za kuingia tu. Tuwape watu na kazi za kutoka. Zima sauti ya kundi hili. Jitoe. Zuia mtu usiyemjua asikuingize kwenye makundi. Futa akaunti yako, hakikisha imefutika. Pimeni dakika za kuingia na dakika za kutoka, mziandike pamoja kwenye ukurasa mmoja wa ripoti, ili atakayeilipia ripoti azione.

Sina budi kugusia sauti pia. WhatsApp ilileta ujumbe wa sauti mwaka 2013, na kufikia 2022 ilisema unatumwa wastani wa bilioni 7 kwa siku. Kwa asiyesoma vizuri, voisi ndiyo iliyomfungulia mlango wa mtandao, na kufikia mwaka huo wa 2022 ilikuwa imewezekana kusimamisha kurekodi, kujisikiliza, kisha kutuma. Kwa miaka yote ya kabla ya hapo, mtu wa kijijini alikuwa anatuma sauti asiyoisikia kwanza, wakati msomi aliweza kuusoma tena ujumbe wake kabla ya kuutuma. Kila mnapopima, waulizeni watengenezaji: anayetumia sauti anapewa haki zote za anayeandika?

Wanafunzi, kabla hamjarudi darasani wiki ijayo, nawaomba kila mmoja amtafute mtu mzima mmoja wa nyumbani kwao. Mpe kazi moja anayoihitaji kweli. Kaa upande wake wa kulia, na daftari, usiseme kitu. Andika kidole kilipokwenda kwanza na neno alilolisema kilipokwama. Mleteeni mwalimu wenu karatasi hiyo, na nakala yake muitume kwa watengenezaji wa programu kupitia sehemu yao ya maoni, mkiandika kwa Kiswahili.

Shangazi bado ndiye mweka hazina. Hesabu bado anaziandika mwenyewe, na jumla bado hazikosewi. Picha za ukurasa anazituma mjukuu wake wa darasa la sita, kila Jumapili jioni, na wiki ambazo mtoto yuko kwa baba yake Korogwe, wanachama hawapati hesabu.